Hita ya dizeli kwenye lori na gari dogo: dalili, chanzo, na pa kuweka spana chini

Mwezi wa pili, saa nane mchana, Miritini, Mombasa. Chuma cha lori lililoshinda juani hakishikiki bila kitambaa, na hapo ndipo dereva anakuja kuniambia, "Fundi, hita yangu haiwaki." Vijana wa gereji humcheka. Mimi simcheki, kwa sababu usiku wa kesho kutwa atalala Timboroa, huko juu kwenye mita 2,700 na zaidi, ambako blanketi moja halitoshi.

Hita ninayoizungumzia si ile ya kawaida inayoazima joto la maji ya injini. Hii ina moto wake mwenyewe. Huchota dizeli kidogo kidogo kutoka tangi la gari, huichoma ndani ya kikopo cha chuma, na hufanya kazi hata injini ikiwa imezimwa. Zimetufikia kwa njia tatu. Malori ya mtumba yanayotoka Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu, huja nayo karibu na kitanda cha dereva, mara nyingi ya Webasto au Eberspächer, kampuni mbili za Ujerumani. Baadhi ya magari madogo ya dizeli, Land Rover Discovery kwa mfano, huja nayo imefichwa mbele, na wenye magari wengi hawajui kama ipo. Siku hizi kuna pia za Kichina zinazoagizwa mtandaoni, ambazo dereva hujifungia mwenyewe kwa bisibisi na matumaini.

Ya malori kwa kawaida ni ya hewa: inapuliza hewa ya moto ndani ya kebini. Ya magari madogo ni ya maji: inapasha maji ya injini yanayozunguka. Huko Ulaya ndiyo inayopasha injini kabla haijawashwa asubuhi ya theluji, kwa kuwa injini za dizeli za kisasa hupoteza joto kidogo tu na huchelewa kupata moto.

Hita hizi Mombasa haziharibiki kwa kutumika. Zinaharibika kwa kukaa. Usiku wa Julai hapa bado uko kwenye nyuzi 20 na kitu, nani ataiwasha? Dizeli inaganda ndani ya pampu, chumvi ya baharini inakula viunganishi, nyigu wanajenga kwenye paipu. Halafu siku moja inaamshwa kwa ghafla kwenye baridi ya milima ya Mau na kutakiwa ifanye kazi usiku kucha.

Inavyowaka

Ukiwa umewahi kutumia stovu ya pampu ya mafuta taa, ile ya shaba, umeshaielewa nusu. Stovu ile hutiwa spiriti kidogo kwenye kikombe ili kichwa kipate moto kwanza. Ukipampu kabla hakijapata moto, inatema mafuta na moshi. Hita ni hivyo hivyo, ila spiriti yake ni hita plagi ya umeme. Ukibonyeza swichi, feni ndogo inaanza kuvuta hewa na plagi inapashwa, nusu dakika hadi dakika moja hivi. Kisha pampu ya dizeli, kijidude cha ukubwa wa betri ya tochi, inaanza kugonga: tik, tik, tik. Kila tik ni dizeli iliyopimwa. Moto ukishika, sensa inaiarifu kompyuta ya hita, plagi inazimwa na tik zinaongeza kasi. Usiposhika, inajaribu tena. Ikishindwa mara nyingi mfululizo inajifunga, na nyingine hazifunguki ila kwa mashine ya kusoma makosa.

Ukiizima, feni huendelea dakika kadhaa ili kupoza chumba cha moto. Dereva anayekata swichi kuu ya betri wakati huo anaichoma hita yake mwenyewe, na mpaka leo sijapata lugha ya kuwaambia wakasikia.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni masikio: feni, kitambo kidogo, tik. Kariri mpangilio huo kabla hujagusa kitu.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito

Naanza na dalili isiyotaka spana. Dereva mmoja alinisimulia alivyoamka usiku akitapika, akasingizia githeri ya hotelini. Kilichomwokoa ni tanboi, msaidizi wake wa lori, aliyefungua mlango kwenda kukojoa, hewa ikaingia. Nilipotazama chini ya kebini, paipu ya ekzosi ya hita ilikuwa imeliwa na kutu pale inapoungana na hita, na mpira wa kuziba tundu la sakafu haukuwapo. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja kitandani.

Ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksidi, ile ile ya jiko la makaa chumbani. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania damu kuliko oksijeni. Ukihisi dalili hizo hita ikiwa inawaka, fungua milango, toka nje, mtoe na mwenzako, kisha nendeni hospitali hata mkijiona mmepata nafuu. Hita isiwashwe tena.

Chanzo cha kawaida ni hicho cha ekzosi: kutu, klipu iliyolegea, tundu la sakafu lisilozibwa. Kinachofuata ni kuegesha vibaya, ubavu kwa ubavu na lori jingine au ukuta, hata moshi ukarudi kwenye tundu la hewa ya kebini. Cha tatu ni kibaya zaidi: ganda la aluminiamu linalotenganisha moto na hewa unayovuta limepasuka. Watengenezaji wa Ulaya huelekeza kwamba ganda hilo kwenye hita ya hewa libadilishwe likifika miaka 10. Piga hesabu. Lori lililoingia na miaka 7, likakaa hapa mitano, lina ganda la miaka 12, na sijawahi kuona mtu aliyelibadilisha bila kulazimishwa.

Ganda lililopasuka halichomelewi wala halipakwi gundi ya chuma. Hilo ni la kununua jipya au kung'oa hita. Na yeyote anayelala na hita inawaka aweke king'ora cha kaboni monoksidi karibu na kichwa chake, hata kama ekzosi ni mpya.

Feni inazunguka lakini moto hauji

Hii ndiyo ninayoletewa zaidi. Kabla ya kufungua chochote tazama geji ya dizeli. Paipu ya hita ndani ya tangi hukatwa fupi makusudi, ili hita isimalize mafuta ukashindwa kuondoka asubuhi. Tangi likishuka karibu na robo, hita inavuta hewa. Nimewahi kulipwa nauli ya kwenda Mariakani kumwambia mtu aongeze dizeli.

Likiwa na mafuta ya kutosha, pima umeme, na upime kwenye plagi ya waya ya hita yenyewe wakati inajaribu kuwaka. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 ikiwa imetulia, na jozi ya lori husoma 25.2. Hita plagi inavuta takriban ampea 10 kwenye mfumo wa volti 12. Ikiwa betrini kuna 12.4 lakini kwenye hita unasoma chini ya 11, umeme unapotelea njiani: fyuzi yenye ukungu wa kijani, waya wa bodi (ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari) ulioliwa na chumvi. Kusugua na kukaza hapo kunamaliza kesi nyingi za Pwani. Hita nyingi hukataa kazi volti zikishuka karibu na 10.5, au 21 kwa lori.

Sasa sikiliza tik. Ikiwa haipo kabisa, gusa pampu kwa kidole wakati hita inajaribu. Husikii ikigonga? Pima kama umeme unaifikia. Umeme upo na pampu imenyamaza, basi imekwama kwa dizeli iliyoganda. Kuigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi huweza kuizindua, lakini hiyo ni ya kukufikisha tu. Tik ipo na moto haupo, chomoa paipu upande wa hita, elekeza kwenye chupa, uone kama dizeli inatoka bila mapovu. Mapovu maana yake kuna kiungo kinavuta hewa. Ikitoka kwa kusuasua, safisha kichujio kidogo kwenye mdomo wa pampu. Fanya haya hita ikiwa imepoa na hakuna anayevuta sigara karibu.

Halafu nyigu. Nyigu wa udongo hupenda tundu la upana wa kidole, na paipu ya hewa ya hita na ekzosi yake ni nyumba waliyoiota. Lori likikaa mwezi mmoja bondeni Jomvu, tundu limezibwa kwa udongo mgumu kama matofali. Ingiza waya laini polepole na kukwangua, usipulize kwa kompresa, maana utausukuma udongo ndani kabisa. Ukimaliza funika mdomo wa paipu ya hewa kwa kijiwavu cha chuma chenye matundu makubwa. Ekzosi usiifunike kitu.

Mwisho ndiyo hita plagi yenyewe, na kijiwavu kinachoizunguka ambacho dizeli humwagikia. Plagi ikiungua hubadilishwa, na kijiwavu kibadilishwe siku hiyo hiyo.

Onyo moja. Usibonyeze swichi mara sita ukidhani itachoka kukataa. Kila jaribio lililoshindwa huacha dizeli ndani ya chumba cha moto, na siku itakaposhika utaona ekzosi ikitema ndimi. Majaribio mawili, kisha tafuta chanzo. Na kamwe usimwage petroli au spiriti ndani ili "kuisaidia".

Kwa wenye za Kichina: namba ya kosa kwenye kioo, E na tarakimu zake, haina maana moja kwa zote. Soma karatasi iliyokuja na hita yako.

Moshi

Moshi mweupe kwa dakika moja wakati wa kuwaka ni kawaida, hasa kama haijawashwa muda mrefu. Ukiendelea, hiyo ni dizeli isiyoungua: plagi dhaifu, volti ndogo, au dimbwi lililoachwa na majaribio yako. Maji ndani ya dizeli nayo huleta hali hiyo. Unyevu wa Mombasa hutona ndani ya tangi lisilojaa, kwa hiyo mwaga maji kwenye kichujio cha lori kwanza.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Ukitokea hapa Mombasa, tafuta nyigu na masizi. Ukitokea huko juu tu, subiri kabla ya kufungua.

Hita hizi hupimwa zifanye kazi bila masharti hadi mita 1,500 hivi. Zaidi ya hapo watengenezaji huruhusu kupita, si kukaa, isipokuwa ziwe na kifaa cha mwinuko. Limuru iko juu ya mita 2,000. Timboroa hewa ina uzito pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na hapa Kilindini, lakini pampu haijui. Inagonga tik zile zile, inamwaga dizeli ile ile, na oksijeni ya kuichoma haipo. Matokeo ni kama koroboi iliyopandishwa utambi: masizi. Masizi yanaganda kwenye chumba, yanapunguza nafasi ya hewa, kesho yanazidi. Dereva anashuka Mombasa na kuniambia hita imekufa, nami naifungua na kukuta makaa.

Kwa hiyo hita inayowaka safi Mombasa na kutoa moshi Timboroa haijaharibika. Inahitaji kupunguziwa mafuta. Nyingi mpya zina sensa ya mwinuko ndani au huongezewa, na baadhi ya za Kichina zina mahali pa kupunguza kasi ya pampu kwenye mipangilio. Punguza kidogo kidogo, kisha rudisha ukishuka. Usiiache pia kwenye moto mdogo usiku kucha, maana moto mdogo ndio unaozaa masizi kuliko mwingine. Afadhali iwake kwa nguvu, kebini ipate joto, uizime.

Dawa ya kuzuia ni ya bure karibu. Mara moja kwa mwezi, hapa hapa, kwenye jua lako, fungua milango na uwashe hita kwenye nguvu yote kwa robo saa. Ya hewa ya kilowati 2 hutumia chini ya robo lita kwa muda huo. Watu watakuona mwendawazimu. Pampu haitakwama.

Masizi yakishaganda, hita hufunguliwa, hukwanguliwa kwa brashi na hufungwa kwa gasketi mpya. Gasketi ya zamani irudishwe? Hapana, hiyo ndiyo inayoachia moshi ule wa mwanzo. Kama hujawahi kufungua moja, hiyo si ya kujifunzia kwenye lori unalolala.

Inawaka, kisha inazima yenyewe

Kwa hita ya hewa, karibu kila mara ni joto kupita kiasi. Ondoa viatu, mablanketi na katoni mbele ya tundu la hewa ya moto, na pia pale inapovutia hewa. Nilikuta moja imezibwa na mkeka wa kuswalia uliokunjwa vizuri kabisa. Kwa hita ya maji, chanzo cha kwanza ni hewa iliyobaki kwenye maji baada ya mtu kubadilisha mpira au rejeta. Cha pili ni pampu ndogo ya kuzungusha maji, iliyokwama kwa kutu. Maji yasipozunguka, yanachemka ndani ya hita kwa dakika chache na sensa inakata. Ikikata mara tatu usiendelee kuijaribu.

Harufu ya dizeli au matone chini

Hapa hakuna mjadala: chomoa fyuzi ya hita kwanza, kisha tafuta. Mara nyingi ni vile vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha paipu ya plastiki na pampu. Joto letu huvikausha na kuvipasua, na hita isiyotumika haimkumbushi mtu kuvitazama. Badilisha kwa mpira wa mafuta wenye ukubwa sawa na klipu zake. Mpira wa maji ya bomba huvimba na kupasuka, hata kama ndio uliokuwa karibu. Tone linalodondokea ekzosi ya hita, yenye joto la kuwasha karatasi, ni moto wa lori zima.

Hita izimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta, mapema kiasi cha feni kumaliza kupoza. Na kwa madereva wa matangi wanaopakia Shimanzi au Changamwe: hita ya kawaida haina nafasi kwenye lori la petroli. Kuna zilizotengenezwa kwa malori ya mizigo hatari, zenye mfumo wake wa kuzimika. Kama hujui yako ni ipi, ichukulie ni ya kawaida.

Betri inaisha

Hili ni fupi. Ikishawaka, hita hula ampea chache tu. Kinachomaliza umeme ni betri iliyochoka, au kuwasha na kuzima kila baada ya nusu saa, maana kila mwanzo unalipia plagi upya. Kwenye gari dogo, chomoa fyuzi ya hita jioni. Ukiamka na betri nzima, umepata mwizi: kiunganishi chenye maji ya chumvi chini ya gari.

Maji ya rejeta yanapungua

Hii ni ya magari madogo, na mwenye gari hushangaa kwa kuwa hajui kama ana hita. Amebadilisha pampu ya maji, amebadilisha mpira, bado anaongeza lita kila wiki. Mtazamie chini mbele, nyuma ya plastiki ya tairi. Kwanza kagua oringi, zile pete za mpira za kuziba, pale mipira miwili inapoingia. Zikiwa nzima, hita imetoboka.

Inatoboka kwa sababu ya maji tunayotia. Visima vingi vya kisiwani na Likoni vina chumvi, na ganda la hita ni aluminiamu. Maji ya kisima yaliwe na injini ya chuma ya zamani, si hii. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na maji yaliyochujwa chumvi. Na ukimkuta fundi aliyekung'olea themostati "kwa sababu Mombasa kuna joto", mrudishe aifunge. Bila hiyo injini haifiki joto lake, na ukipanda bara hita nayo inaweza kudhani injini inahitaji msaada.

Kama gari halivuki Voi, ushauri wangu ni kuing'oa hita ya maji badala ya kununua nyingine. Lakini kung'oa ni kazi kamili. Laini ya dizeli izibwe kule inakotokea, tangini au kwenye kiungo chake, isiachwe na boliti iliyosokotwa mdomoni. Mipira miwili ya maji iunganishwe kwa kipande cha shaba na klipu mbili. Fyuzi itolewe na plagi ya waya ifungwe kwa tepu, ielekee chini. Kwenye baadhi ya magari kompyuta itaona kifaa kimepotea na kuwasha taa, hapo fundi mwenye mashine ya kusoma makosa aifute hita kwenye orodha. Kama maji yamekuwa yakipungua hadi mshale ukafika nyekundu hata mara moja, usiishie hapa. Mpeleke fundi wa injini apime gasketi ya silinda hedi.

Ukimaliza, toa hewa kwenye maji injini ikiwa ya baridi, kifuniko wazi, hadi mapovu yaishe. Kisha endesha hadi Mazeras na kurudi, jicho kwenye mshale wa joto. Kilima kile kitakuonyesha kama kuna hewa iliyobaki.